Tanuru Tuliyoifunga Jumamosi

Ninyi vijana mnaopita kwenye lile kanisa dogo kando ya mto, upande wa Walikale, nimesikia jinsi mnavyocheka. Mnasema, "Tazama, masoni wa zamani aliishiwa na matofali." Ni kweli, ukuta ule ni wa namna mbili. Kuanzia chini mpaka kwenye madirisha ni tofali jekundu la moto, na kuanzia madirisha mpaka kwenye paa ni fito na udongo, kama nyumba ya mtu yeyote wa msituni. Masoni aliyeujenga, yaani fundi mwashi, ni mimi. Nimejenga nyumba nyingi nzuri kuliko ile, zenye ngazi na mabaraza, na hakuna hata moja ninayojivunia kama ile. Kwa hiyo kaeni niwaeleze.

Kwanza mjue mnazungumza na nani. Mimi ni mtu wa Nyamitaba, kule Masisi, mtoto wa wakulima wa maharage na mtama. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Miaka ya arobaini, wenzangu walipokuwa wakichunga ng'ombe za watu, mimi nilikuwa nabeba maji ya kukanyagia udongo pale misioni. Kutoka kwenye maji nilipanda kwenye udongo, kutoka kwenye udongo nikapanda kwenye kibao cha kufyatulia matofali, na kutoka kwenye kibao nikaenda shule ya ufundi, kusini mwa ziwa. Nikarudi na diplome. Kwenye mlima wetu mimi ndiye wa kwanza, na mkitaka kubisha mkaulize.

Karatasi yenyewe niliikunja nikaitia ndani ya mkebe mrefu wa bati, na siku niliposhuka kwenye lori pale Mushaki sikuuweka mkebe ndani ya mzigo. Niliushika mkononi, ili watu waulize. Mama mmoja aliyekuwa anauza viazi kando ya barabara akauliza.

"Kaka, mule iko nini?"

"Iko diplome, Mama."

"Wanaikula?"

"Hapana. Yenyewe njo inakulisha."

Alicheka, akaniongezea viazi. Nikamwambia, unaona, imeanza.

Shule ilinifundisha mstari, hesabu na kusoma plani. Lakini moto nilifundishwa na Papa Simeoni, masoni mzee wa misioni yetu, mtu asiye na nyusi kwa sababu tanuru zilikuwa zimezila zote. Nitawapa mambo yake machache, kwa kuwa siku hizi mnanunua saruji tu na kufikiri kazi imekwisha. Udongo unaujua hivi: finyanga kipande chembamba kama kidole kidogo, ukizungushe kwenye dole gumba. Ukipasuka, tafuta udongo wenye mnato zaidi. Ukikuganda mkononi, ongeza mchanga. Tofali bichi, kabla hujalipeleka kwenye moto, livunje moja katikati. Ndani pakiwa peusi kuliko nje, maji bado yamo, na tofali lenye maji hupasuka motoni kama mahindi kwenye kikaango. Ukiyapanga, acha nafasi ya kidole kati ya moja na jingine, moto upate njia. Uanze na moto mdogo. Moshi ukiwa mweupe, hayo ni maji yanayotoka, usiwe na haraka. Moshi ukishakuwa mwepesi, hapo ndipo unalisha magogo. Kisha unachungulia katika tundu la juu. Ukiona wekundu kama wa damu, bado. Ukiona rangi ya papai lililoiva, ziba midomo yote ya tanuru kwa udongo, uondoke. Anayefungua tanuru ya moto ili aone tu, ubaridi unaingia na kuyapasua matofali yote mbele ya macho yake.

Lakini sheria kuu ya Papa Simeoni haikuwa ya udongo. Alikuwa akisema, "Washa Jumatatu. Ijumaa ziba. Jumapili weye na tanuru mutapumuzika wote mbili." Nilimwuliza siku moja, kama moto haujafika juu itakuwaje? Akanitazama na yale macho yake yasiyo na nyusi. "Tanuru iko kama muntu ya njaa. Kila saa itasema niongezee. Kama haukuiambia siku ya kuacha, yeye njo atakuambia weye."

Basi, katika miaka ya hamsini misioni ilinituma Walikale. Wakristo wa kituo kile walikuwa wanasali chini ya paa la majani, wamekaa juu ya magogo, na mvua ya kule ninyi mnaijua. Mkubwa wa majengo, mzungu ambaye sisi tulimwita Bwana tu, aliniambia maneno mafupi. Miezi ya mvua chache ikiisha atapita. Akikuta paa limesimama, kituo kinabaki. Asipolikuta, kituo kitahamishwa kwenda kwenye barabara, na wale watu watakuwa wanatembea siku nzima kutafuta neno la Mungu. Na mimi, akasema, nitarudi kubeba maji. Nilimwambia Bwana asiwe na shaka. Nilikuwa na diplome.

Nilifanya kazi vizuri, na sisemi hivyo kwa unyenyekevu. Kule Masisi upepo wa milima unakausha tofali lililo wazi. Msituni, tofali ukiliacha wazi linakunywa unyevu wa hewa. Mimi niliona hilo siku ya kwanza, nikajenga vibanda virefu vya majani, matofali yakakauka kivulini polepole mpaka ndani. Tatizo lilikuwa nguruwe wa porini. Walipenda shimo langu la udongo kuliko mto, wakaja kugaagaa na kuvunja kila kitu. Nikaomba mwindaji, wakaniletea Kubuya.

Kubuya alikuwa mtu mrefu, wa maneno machache, na mitego yake ilikuwa safi kama mshono wa fundi. Nguruwe wawili walinaswa, waliobaki wakahama. Alipomaliza nikamwambia abaki abebe magogo ya tanuru, akabaki. Lakini niliona kitu. Jumapili alikuwa anakaa kwenye gogo la mwisho, karibu na mlango. Haombi kwa sauti. Meza ya Bwana Yesu ikitayarishwa, anatazama chini. Nikauliza, nikaambiwa ametengwa.

Kosa lake lilikuwa hili. Jumapili moja baada ya ibada alipita kwenye mitego yake, akakuta mboloko, yule swala mdogo wa msituni, amenaswa. Angemwacha mpaka Jumatatu, siafu wangemmaliza. Akamtoa, akambeba, mke wake Mama Debora akampika. Bahati mbaya upepo ulikuwa unavuma kuelekea nyumba ya Papa Zakaria.

Papa Zakaria alikuwa mzee wa kwanza wa kanisa pale, na msimdhanie mtu mbaya. Ndiye aliyeleta Injili kwenye mto ule, kwa miguu, wakati watu wake mwenyewe walikuwa wanamcheka. Lakini sheria aliishika kama anavyoshika panga, kwa makali. Aliwaita wazee, wakamwambia Kubuya kwamba nyama inaweza kuoza, lakini siku ya Mungu haiozi. Akatengwa mpaka kanisa jipya litakapofunguliwa.

Sasa tanuru. Tuliipanga ikawa kubwa kuliko nyumba ya mwami, chifu wetu, yenye midomo mitatu ya moto, na juu yake paa la majani. Niliiwasha Jumatatu, kama Papa Simeoni alivyosema. Jumanne moshi ulikuwa mweupe. Jumatano asubuhi ulikuwa mwepesi, nikaanza kuimba. Jumatano mchana ikaja dhoruba. Upepo ulilichukua paa la tanuru ukalitupa mtoni, na maji yakaingia katika midomo yote mitatu. Mpaka tukafunika, tukachota maji, tukapasua magogo yenye moyo mkavu, moto ulikuwa umelala. Tuliuamsha. Alhamisi na Ijumaa tulilisha bila kukaa, watu wanapokezana, mikono ikapasuka. Jumamosi, jua lilipokuwa limeinama, nilichungulia katika tundu la juu. Chini rangi ilikuwa ya papai. Juu, wekundu wa damu.

Wazee walikuwa wamesimama wananitazama usoni.

"Bado," nikasema. "Inataka usiku wa leo wote mpaka kesho jioni."

Hakuna aliyesema kesho ni siku gani. Kila mmoja alijua. Na kila mmoja alijua kwamba hatuna wakati wa kufyatua mengine, kwa sababu mvua kubwa ilikuwa inarudi na Bwana naye alikuwa anakuja.

Papa Zakaria alikohoa. "Masoni, hii iko kazi ya Mungu. Si shamba ya muntu. Mungu atakasirikia kanisa yake mwenyewe?"

Mzee mwingine akasema, "Tutafute wapagani wa ng'ambo, wao walishe."

"Wapagani watataka kuku ya kuchinja mbele ya moto," Papa Zakaria akajibu. "Hapana. Kuko Kubuya." Alisema hivyo kwa upole kabisa, kama mtu anayegawa kazi. "Yeye iko inje tayari. Siku moja ya zaidi haitamuongezea kitu."

Kubuya alikuwa anakuja na gogo begani. Alisimama. Aliliweka chini taratibu, akapangusa mikono.

"Papa Zakaria, nikulishie tanuru siku ya Mungu?"

"Ni kwa ajili ya kanisa, mutoto yangu. Bwana Yesu mwenyewe alisema, ng'ombe ikianguka mu kisima siku ya sabato, nani hataitoa?"

Kubuya aliwaza kidogo. "Na mboloko ikianguka mu mutego, Papa?"

Vijana waliokuwa kwenye rundo la kuni walicheka, wakajificha nyuma ya magogo. Papa Zakaria hakucheka.

"Ile ilikuwa nyama. Hii iko kanisa."

Mama Debora alikuwa amefika na sahani ya ndizi za watu wa moto. Akaiweka juu ya jiwe. "Nyama ilikuwa ya watoto. Walikuwa na njaa. Hii matofali, nani iko na njaa yake?"

"Mama, acha," Kubuya akamwambia. Kisha akamgeukia mzee. Hakupandisha sauti. "Siku ile muliniambia nyama inaoza lakini siku ya Mungu haiozi. Nilirudi nyumbani nikawaambia watoto wangu maneno ile ile, hivi mulivyosema. Nikawaambia baba yenu alikosa, wazee wamesema kweli. Nimekaa mulangoni mvua inaninyeshea, kwa sababu niliamini ni kweli. Sasa kesho nikilisha moto, jioni niwaambie watoto nini? Kwamba inaoza?"

Papa Zakaria aligeuka kuitazama tanuru. Kisha wote wakanigeukia mimi. Tanuru ilikuwa mikononi mwangu, jina lilikuwa langu.

Vijana, nataka mnielewe vizuri hapa. Kuna watu wanasema kutii ni kwa watu wasiokuwa na kitu cha kupoteza. Mimi nilikuwa na mkebe wa bati ndani ya nyumba, na ndani yake miaka yangu yote. Nilikuwa na mlima mzima kule Nyamitaba unaosema, huyu ndiye wetu. Nilijua Bwana atakachofanya. Na nilijua pia kwamba ningeweza kutoa hukumu nyingine, tumsamehe Kubuya sasa hivi, tulishe moto wote pamoja, tuseme kumbe Mungu anaruhusu. Wazee wangekubali kabla sijamaliza. Lakini mtu tuliyemnyima msamaha kwa ajili ya njaa ya watoto wake, tukampa kwa ajili ya matofali yetu, huo ungekuwa msamaha gani? Sheria ilikuwa moja siku ya mboloko. Ilipaswa kuwa moja siku ya tanuru. Ikiwa ilikuwa kali kupita kiasi, basi na sisi tuionje ukali wake kwanza, ndipo tuzungumze kuilegeza.

"Tunaziba," nikasema.

"Masoni, za juu zitakufa," mzee mmoja akasema.

"Najua zaidi yako. Leteni udongo."

Niliziba mdomo wa kwanza kwa mikono yangu. Kubuya akaziba wa pili. Wa tatu tuliuziba wote wawili, na jua lilikuwa halijazama. Papa Zakaria alikuwa amekwisha kwenda nyumbani.

Jumapili mvua ilinyesha juu ya tanuru iliyozibwa, mvuke ukapanda kama wa chungu kilichoepuliwa motoni, na sisi tukiwa chini ya paa la majani tunautazama. Papa Zakaria ndiye aliyekuwa na zamu ya kuongoza. Alisimama na Biblia yake, hakuifungua.

"Jana mudomo yangu ilisema mambo mbili," akasema. "Kubuya, simama. Kuja mbele, ukae mahali pangu. Mimi nitakaa pale."

Kubuya hakujua afanye nini. Alisimama. Mzee akapita katikati ya watu, akakaa kwenye gogo la mwisho karibu na mlango, mahali paa lilipokuwa linavuja. Hakuna mtu aliyemhukumu. Kubuya akaenda mbele kama alivyoambiwa, akafika, akageuka akatazama nyuma. Kisha akarudi mpaka mlangoni, akaketi kando ya mzee.

"Gogo iko ndefu, Papa," akasema.

Mama Debora akaanza wimbo. Siku ile tuliimba vibaya, na mimi sijawahi kusikia kuimba kuzuri kuliko kule.

Sasa nitawaambia jambo ambalo wahubiri wengi hawapendi kulisema. Zile siku za kungoja tanuru ipoe, mimi nilitazamia kwamba Mungu atayachoma yale ya juu mwenyewe. Nilisema moyoni, nimemtii, nina diplome, atanionea haya. Tulipofungua, matofali ya chini yalilia kama kengele ulipoyagonga. Ya katikati vilevile. Ya juu yalikuwa laini kama mkate, ukiyashika yanaacha unga mkononi. Mungu hakugeuza udongo kuwa tofali kwa ajili yangu. Moto ulifanya kazi ya moto, na pale ulipokoma, ulikoma. Ukitii kwa kutazamia mshahara wa namna hiyo, utaacha kutii mapema sana. Alichokuwa ametupa Mungu ni matofali ya kufika kwenye madirisha, na watu waliokuwa wamepatana.

Nililala usiku mmoja nikiwaza, asubuhi nikachora plani mpya. Matofali yatapanda mpaka kwenye madirisha. Juu yake nitalaza boriti za mti mgumu kuzunguka nyumba yote, zilizofungwa kwenye pembe kwa meno ya kuchonga yanayoshikana, na juu ya boriti tutasimamisha fito za kukandika. Ukuta mwepesi juu ya ukuta mzito, si kinyume chake. Shuleni hawakunifundisha hivyo, nilifikiri mwenyewe. Nyumba ya udongo mtupu hunyonya maji kutoka chini ikaanguka. Hii yangu miguu yake ni ya tofali la moto, maji hayapandi. Watu wa msitu walikata fito, wanawake wakakandika, na paa likasimama kabla ya mvua kubwa.

Bwana alipokuja aliuzunguka ukuta, akagonga chini, akagonga juu.

"Kwa nini hukuongeza moto siku moja?"

"Siku iliyobaki haikuwa yangu, Bwana. Ilikuwa Jumapili."

Alitazama juu. Paa lilikuwepo, hakuweza kukihamisha kituo. Lakini alisema masoni mwenye diplome hajengi nusu, akanirudisha Masisi, nikawekwa Mushaki chini ya masoni ambaye hakuwa hata na cheti. Nilibeba maji tena, jamani, mtu mzima. Yule mama wa viazi akaniona. "Kaka, ile diplome imeacha kukulisha?" Nikamwambia, "Inapumuzika, Mama." Na sikuwa naigiza. Nilibeba maji yale nikiwa nimenyooka mgongo, kwa sababu nilijua nilichokiziba na kwa nini nilikiziba.

Kisha kituo cha Walikale kikapewa ruhusa ya kujenga nyumba ya wagonjwa. Bwana akawapelekea masoni mwingine. Papa Zakaria akamwambia huyo masoni asifungue mzigo wake. Akatembea na Kubuya mpaka kwa Bwana, wakamwambia, "Sisi tunataka yule wa kufunga Jumamosi." Bwana akawauliza kama hawaoni kanisa lao jinsi lilivyo. Papa Zakaria akajibu kwamba wanaliona kila siku, njo maana wamekuja. Baada ya wiki kadhaa Bwana mwenyewe alisimamisha gari pale Mushaki, akaniita kwa jina langu mbele ya wale wote, nikaweka ndoo chini. Tanuru ya nyumba ile niliiwasha Jumatatu, ikazibwa Ijumaa, na kila tofali lililia.

Siku niliporudi msituni, Kubuya alinipokea njiani, mboloko amemning'inia begani. Aliona macho yangu yalivyokwenda kwa mnyama yule.

"Masoni, usiogope. Iko ya leo, na leo iko Jumatatu."

Papa Zakaria alikuwa nyuma yake, anahema kwa sababu ya kilima. "Kweli," akasema. "Nilienda naye ku mutego, nikahesabu siku."

Tulimla jioni ile nyumbani kwa Mama Debora, na mzee wa kanisa alichukua paja.

Basi mkipita pale tena, simameni. Gongeni tofali la chini, mlisikie. Halafu pandisheni mkono mpaka kwenye boriti, mahali tofali linapokoma. Pale ndipo tulipoukomesha moto ile Jumamosi, kabla jua halijazama. Wajukuu wa Kubuya na wa Zakaria wanapakandika upya kila mwaka, pamoja, na nyumba haijawahi kuinama.